Prodige Alivyojifungia Nje ya Server

Leti, ya Prodige, kaka yetu, anakataa hata kula. Aibu!

Leo kwenye maziko ya rafiki yake Josias alikuwa na laptop makaburini, anamrushia mama ya marehemu picha za moja kwa moja kule Bukavu, kupitia server, ile kompyuta kubwa iko dukani kwake town.

Akaona watu wasiojulikana wanajaribu kuingia kwenye server. Akaamuru firewall, ule ulinzi wa server, ifunge milango yote. YOTE, Leti! Hata ule anaoingilia yeye mwenyewe!

Yeye huyu anayetuimbia kila siku: ruhusu kwanza njia yako, ndipo ufunge zingine.

Eish. Duka limefungwa, hakuna mtu wa kuifungua server pale, picha imekatika, sanduku bado iko juu ya kaburi, haijashushwa.

Jioni mama akapiga simu: "Aksanti mwanangu. Nilipoona giza, nikajua wamemshusha."

Prodige akajibu tu, "Ndiyo, mama."