Neno la Kiingereza Kaburini kwa Cassian

Mpendwa Mshauri, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba unisaidie kwa neno moja tu, maana mimi shule yangu iliishia kwenye katekisimu na neno lenyewe ni la Kiingereza. Mwanangu Cassian, aliyekuwa akifanya kazi mgodi wa bati kule Kyerwa, amefariki kwa homa ya mapafu, na siku ya maziko bwana wake Mzungu alivua kofia akasema kifo hiki ni "antaimli", naandika nilivyosikia, karani wake akageuza kwa Kinyambo kwamba si kifo cha wakati wake, na hapo hapo shemeji yangu Rwegoshora akaruka, "Mmesikia! Kama siku zake hazikufika, nani kazikata?" Watu wakamgeukia mke wa marehemu, Kokubanza, nami nikamtazama vilevile, akaniambia, "Mama, hata wewe?" Sasa ukoo umeamua matanga yakiisha Jumapili arudishwe kwao Bweranyange kwa jina la uchawi, watoto wabaki, na mimi kila nikisali nauliza, je, Mungu hukosea saa, au kweli kuna mkono wa mtu?

Adelgunda, Nyakakika

Mama Adelgunda, pole, na pole tena. Neno lako huandikwa "untimely". Ni la kale. "Time" ni wakati, na ile "un" ya mbele hukanusha. Waingereza hulisema juu ya tunda lililoanguka bichi, mvua iliyonyesha maharage yakiwa yameanikwa, hata mgeni aliyepiga hodi mkiwa mnagombana. Mtu akifa kijana husema hivyo, yaani mapema mno, tulikuwa bado tunamhitaji. Ni kilio cha waliobaki. Halimsahihishi Mungu wala halimtaji mwuaji. Karani aligeuza maneno, majonzi akayaacha.

Lakini wewe, mama! Homa uliiona kwa macho yako, ukamshuku mkwe wako kwa neno usilolijua? Na Rwegoshora, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, ndiye mwalimu wako?

Usingoje Jumapili. Waite karani na katekista, karani aseme upya mbele ya ukoo: "Bwana alisema Cassian ametuacha mapema mno." Kisha useme kwa kinywa chako kwamba Kokubanza haondoki, na anayebisha abishane na mama wa marehemu. Halafu ingia ndani kwa mkwe wako, umwombe radhi, mkae chini mlie. Tangu maziko mmekuwa mkitafuta mchawi. Cassian bado hajaliliwa.