Mbegu Haiwekewi Kidole

Jumatatu, 3 Machi

Saa mbili kasoro robo. Chumba baridi cha mbegu kiko nyuzi nne. Nimeandika kwenye daftari la ukutani, kama kila asubuhi kwa miaka kumi na sita. Nimepangusa rafu ya mtama. Bado ya mawele na ya njahi, maharagwe yetu ya kienyeji. Sabuni ni yangu, fagio ni langu. Chuo kikuu cha umma, na mtafiti wa mbegu anakuja na fagio kutoka nyumbani.

Vipimo vya udongo vimesimama tangu Januari. Kemikali ziliisha. Wanafunzi wa uzamili wanakuja, wanakaa, wanaota jua, wanarudi bwenini.

Jumanne, 4 Machi

Barua ya utawala. "Kutokana na hali ngumu ya uchumi," vitengo visivyoleta mapato vitakatiwa umeme. Chumba changu kinazimwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kinakodishwa kwa mfanyabiashara wa parachichi. Mbegu "zihamishiwe mahali panapofaa". Mahali penyewe hawakupataja.

Parachichi!

Humu ndani mna mawele na kunde za Mbeere ambazo hakuna duka linaloziuza. Mahindi yakikauka kule chini, hizi ndizo husimama. Nilizikusanya mwenyewe, boma kwa boma, nikiwa bado na magoti mazuri. Zikiwekwa stoo ya kawaida, kwa joto hili, miaka miwili zimekufa. Hazinuki, hazibadiliki rangi. Unazipanda, hazioti, basi.

Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwona mkuu wa idara, Dkt. Njeru. Mwongozo wetu wenyewe unasema mbegu zitolewe, zipandwe, zivunwe upya kila baada ya miaka kadhaa. Tumeruka zamu mbili kwa kukosa fedha. Nikamwambia tuwape wanawake wa Mbeere wazipande msimu huu, mvua iko karibu. Nikamwekea fomu ya idhini mbele.

"Kanana, mimi nimebakisha two years nistaafu. Hiyo karatasi usiniletee."

Si mtu mbaya. Ni mwoga. Fomu nimeiacha mezani kwake.

Lisilobudi hutendwa. Nitazitoa bila sahihi yake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshuka Mbeere na makasha mawili ya bahasha za mbegu. Mama Igoki, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alinipa nafasi baada ya ibada. Nikaeleza. Wakaitikia kwa vichwa. Nikatoa fomu za kupokelea na kile kidau cha wino cha kuwekea kidole gumba.

Mama Igoki akarudisha bahasha yake ndani ya kasha.

"Mwalimu, mbegu tutapanda. Lakini mimi kidole siweki. Ile time ulikuja tuliweka kidole, mkaenda na mbegu yetu. Mlisema mtaleta majibu. Umewahi rudi?"

Sikuwa nimerudi.

Mwingine akasema huku kwao mbegu haiwekewi kidole. Jirani anakupa, unapanda, ukivuna unamrudishia na kidogo juu. Anayeandikisha mbegu ana mpango wake.

Nikasema bila rekodi siwezi. Nikafunga makasha, nikarudi nayo chuoni, Embu. Njia nzima nikiwaita wakaidi moyoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoa faili la kwanza kabisa. Fomu za wakati ule wa kukusanya ziko zote, zimepangwa vizuri. Vidole gumba safu kwa safu. Cha Mama Igoki kipo, wino umesambaa kidogo upande. Chini nimeandika kwa mkono wangu: "Matokeo yatarejeshwa kwa jamii."

Niliandika makala mbili. Nikapanda cheo. Kwao sikurudi.

Naona haya. Si haya ya kusema tu, haya ya kushindwa kula.

Jumatano, 12 Machi

Nimechukua ruhusa ya siku moja. Nimerudi Mbeere na makasha, bila fomu, bila wino. Nimeanza kwa kuomba msamaha. Mama Igoki akasema, "Haya, yamepita. Lete."

Kunde na njahi hazikunipa shida. Mawele ndiyo kazi, kwa sababu upepo huchanganya chavua, ule unga wa maua. Mawele mawili tofauti yakiwa karibu, msimu ujao huna hata moja lililo safi. Nilikuja na ramani. Hawakuihitaji. Walibishana nusu saa kwa Kimbeere, nani yuko kilima gani, upepo unatoka wapi, shamba la nani limepakana na la nani. Nilishika moja kwa kumi. Mwishowe kila aina ilikuwa na kilima chake.

Bahasha nyingine zina konzi moja tu. Haigawanyiki. Ikifa, imekufa.

Nikauliza kama naweza kuandika majina, ili nijue tu pa kuwatembelea. Mama Igoki akauliza nitaandika wapi. Nikamwonyesha daftari hili. "Hilo ni la chuo?" Nikasema ni langu, hakuna anayelisoma. "Basi andika."

Yako kurasa nne za mwisho. Jina, kilima, mbegu.

Ijumaa, 14 Machi

Wamezima saa nne. Sikujua mashine ile ya baridi ilikuwa na kelele kiasi hicho, hadi ilipozimwa. Ofisa wa mali akahesabu rafu tupu mara mbili, akaniangalia. Nikamwangalia.

Jumatatu, 24 Machi

Barua mbili. Ya kwanza: nimetoa mali ya chuo bila idhini, nitafika mbele ya kamati ya nidhamu. Ya pili: nilete orodha ya waliopokea, ili mali irejeshwe.

Naibu msajili aliniita kabisa. "Mbegu ziko wapi?"

"Ardhini."

"Ardhi ya nani?"

Nikamwambia swali hilo aliulize wakati wa mavuno. Alitaka orodha. Nikasema orodha ya chuo haipo, na hiyo ni kweli.

Mvua haijanyesha. Wamepanda kavu, kama desturi yao. Kila nikiamka natazama mawingu upande wa kusini. Kamati siiogopi kama ninavyoogopa jua hili.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua! Kuanzia Runyenjes juu hadi Siakago kule Mbeere. Nimesimama kwenye veranda ya idara nikalia mbele ya wanafunzi. Walioona waliona.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefika kwenye kamati saa tatu kamili, na gauni la kanisani. Wajumbe wawili tu. Saa tano tukaambiwa kikao kimeahirishwa. Hakuna fedha za marupurupu ya wajumbe.

Nimecheka hadi nimekaa chini. Hawana hata za kunifukuzia.

Nikitoka, Dkt. Njeru alinifuata hadi kwenye ngazi. Akanipa ile fomu ya idhini niliyomwachia mezani. Ameisaini, tarehe ya leo, hakuirudisha nyuma. "Haitakusaidia sana," akasema. Nilimshukuru. Kumsamehe bado, lakini nilimshukuru.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Igoki amepiga simu. Mawele yameota kwenye vilima vyote isipokuwa kimoja. Njahi nyeusi haikuota hata punje. Ilikuwa konzi ile ya mwisho. Mama aliyenipa alishafariki na sijui mwingine aliye nayo. Niliizika mimi, kwa miaka ile ya kuruka zamu.

Kisha Mama Igoki akasema, "Mwalimu, magugu ni mengi. Kuja uone. Lakini kuja na jembe."

Barua mpya ya kamati imeletwa saa tisa. Kikao ni Jumanne. Nimejibu kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa idara: Jumanne sitapatikana ofisini, nitakuwa kazini.

Jembe langu liko nyumbani Nkubu, kwa mama yangu. Kesho naliendea.