Jenereta Iliyovishwa Koti

Roret, 4 Machi 2025

Kwa Chelimo mwanangu,

Chamgei. Sisi tuko, ila tangu mama yako atoke hospitali usingizi umemkataa kabisa. Wewe na hiyo baridi ya Ujerumani mnaelewana?

Nina shida. Ile jenereta niliyotengeneza pale mtoni imechoka. Maji ni yale yale, gurudumu linazunguka vizuri, lakini taa ya chumbani imefifia mpaka mama yako hawezi kusoma Biblia. Kazi yako si kupima sumaku? Kwani nazo huzeeka? Nisaidie, unajua hapendi giza.

Babako, Kimeli

Hamburg, 6 Machi

Baba mpendwa,

Chamgei mising. Barua pepe yako nimeipata. Mimi ni mzima, mawazo tu yako kwa mama.

Sumaku nzuri hutuzidi umri. Hapa tunaziweka kwenye joto miezi mingi, na nguvu inayopungua ni kidogo sana. Kinachoziua ni joto kupita kiasi, na hata zikipoa, nguvu iliyopotea hairudi. Ulibadilisha nini pale mtoni? Sema tu, sitakugombeza.

Binti yako, Chelimo

Roret, 29 Machi

Chelimo, mama yangu,

Habari za siku nyingi. Nimekawia kwa aibu. Jenereta niliivisha koti, lile zito ulilonitumia. Huwa inalia usiku kucha, nikaona ndiyo inamnyima mama yako usingizi, nikaifunga ikanyamaza. Jana nimelifungua, chuma kikaniunguza, nikaizima. Na usingizi wenyewe hakupata. Nimeiua?

Baba

Hamburg, 30 Machi

Baba yangu,

Pole na mkono. Sumaku zimeharibika, ndiyo, lakini ulifanya kwa mapenzi. Rafiki yangu Amolo anakuja nyumbani, atakuletea mpya. Angalia zisikubane vidole. Na usiifunike tena, hata ilie namna gani. Koti vaa wewe.

Chelimo wako

Roret, 2 Mei

Mwanangu,

Kongoi, asante sana. Sumaku zilifika salama na taa inawaka sana. Kelele nayo ikarudi, nikaenda kumwomba mama yako msamaha. Nikamkuta anatabasamu.

“Kimeli,” akasema, “hiyo kitu ikinyamaza usiku, najua matope imeziba gurudumu na umeshuka mtoni kuiondoa. Nangoja mpaka ilie tena ndiyo nijue uko salama. Nilikuona umelala hapa, lakini masikio ilikataa kuamini.”

Wiki zote hizo nilikuwa kando yake, Chelimo, na bado alikuwa ananingoja. Nililia kidogo, usimwambie.

Sasa amelala, anakoroma kuliko jenereta. Koti nimevaa.

Babako