Ukoka Chini ya Majani Makavu

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo la manispaa limebandikwa tena getini. Nyasi za kumwagilia – marufuku. Udongo mtupu nao marufuku. Kila kiwanja kifunikwe kwa matandazo au mimea inayovumilia ukame. Atakayekaidi, watamng'olea wenyewe.

Sawa. Lakini ukoka wangu hauondoki. Tangu Mzee, mume wangu, apate kiharusi, hapo tu ndipo anapotembea bila kuanguka. Kwenye saruji alishaanguka, nikamwinua peke yangu. Waje wamwinue wao!

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili. Nimemwaga majani makavu juu ya ukoka wote. Asubuhi nayafagia pembeni, Mzee anatembea peku na fimbo yake, kisha nayarudisha ndipo naenda kushona. Jioni namwagilia maji ya kufulia, ndoo kwa ndoo. Mgongo unawaka moto. Mzee kaniambia tena niache, nitavunjika. Nimemwambia yeye atembee, ya ndoo aniachie.

Jirani alikuwa ukutani – yule wa mishubiri na kokoto, aliyetii sheria hata kabla haijatoka. Kauliza kwa nini nafagia majani halafu nayarudisha. Nikasema nayaanika. Kacheka. Kicheko kile sikukipenda hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kaja! Hakutazama maua wala mchicha. Moja kwa moja hadi kwenye majani, kayasukuma kwa ncha ya kiatu. Kijani hicho hapo. Jumatatu analeta watu wa kung'oa.

Nani kamwambia? Mtu haoti tu kwamba chini ya majani kuna ukoka. Ni jirani. Salamu yake leo sikuitikia.

Jumamosi, 8 Machi
Au wifi? Dada yake Mzee hana kifua, na juzi alikuja, akala, akazunguka ua mzima. Nimempigia, nikamzungusha weee. Kaapa hajui lolote. Anayeapa haraka vile ana lake jambo.

Jumapili, 9 Machi
Kile kipira cha chini ya fimbo ya Mzee kimelika upande mmoja. Ukoka unakulaje mpira? Panya nao wameanza. Kila mtu humu ananifanyia vituko.

Jumatatu, 10 Machi
Wamekuja na majembe. Nikasimama na ndoo yangu mbele ya ukoka, nikasema wapite juu yangu. Jirani anachungulia – nikamwambia haya, furahi sasa.

Mara Mzee akatoka. Na fimbo, bila mimi, juu ya saruji. Mkaguzi akamwamkia kama mtu anayejuana naye.

"Shikamoo, mzee. Nilikuta vilevile ulivyonielekeza."

Ndoo ikanitoka mkononi.

"Mimi ndiye niliyempigia simu," Mzee akasema. "Ukienda kushona najifunza kwenye saruji. Naanguka, nainuka. Kukwambia uache nilikwambia, mke wangu. Hunisikii."

Nimeingia ndani. Nina hasira, tena nyingi. Kunichongea mimi, mume wangu mwenyewe! Na yule jirani nitamtazamaje? Anaanguka nikiwa kazini, halafu jioni ananiuliza habari za cherehani.

Naandika hapa jikoni. Majembe yanasikika. Sitoki.

Nasikia na fimbo yake kwenye saruji. Inagonga, anaburuta mguu, inagonga. Sasa kimya. Kaanguka, au kasimama tu? Hajaniita. Bado kimya –