Kodi ya Mashine ya Tatu

Maskati, 4 Oktoba 1970

…na lile la kodi, Dada Masouda, ndilo nililolikatiza katika barua ya jana, nimerudi kulimaliza. Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, na mimi nna furaha mpaka naona haya.

Nyumba yetu, unajua, imepakana na mtambo wa umeme ambako mume wangu Aflah ni karani. Mashine zikinguruma vikombe vinacheza kabatini, naye anavishika huku akinicheka. Basi nikamwambia, "Habibi, kodi hii kubwa mno. Andika barua waipunguze!" Akanibusu kipaji cha uso: "Kheiria, umenipa fikra!" Leo karudi na halua. Imepunguzwa nusu! Ukija kusomesha utakaa nasi. Chumba chako nshakipaka chokaa.

Mdogo wako mwenye bahati,
Kheiria

Dubai, 11 Oktoba 1970

Mdogo wangu,

Kifua kimepoa, moyo ndio sijui. Barua yako imenifika pamoja na ya Bi Bakhita, mkuu wa skuli. Hanichukui tena. Mshahara wangu ulikuwa utoke kwenye kodi ya mtambo wa umeme, nayo baladia, hiyo manispaa yenu, imeikata nusu, kwa kuwa karani wa mtambo kaandika kwamba mashine zote ni kongwe, hazina thamani. Karani gani huyo? Mimi hapa nshaaga kazi, mwenzangu. Hebu niambie: nyinyi mlipunguziwa kodi gani?

Dada yako,
Masouda

Maskati, 20 Oktoba 1970

Dada yangu mpenzi,

Salamu zote, na hali yangu usiiulize. Barua yako niliisoma mara tatu nimesimama. Aflah aliporudi nikamvaa mlangoni.

"Kodi gani?"

"Ya mtambo. Si wewe ulonambia?"

"Mimi nilisema ya nyumba!"

"Ya nyumba ni ijara, bibi!"

"Kwa Kiarabu! Kwetu Unguja mwenye nyumba akikudai ni kodi, serikali ikikudai ni kodi!"

Tukatazamana kama watu waliopotezana sokoni. Mpaka leo sielewi vyema vipi mashine ikizeeka kwenye karatasi, watoto wakose mwalimu. Lakini moja nililijua. "Aflah, ile mashine ya tatu uliyonipeleka kuitazama, iliyoshushwa mwezi wa Rajabu, ingali na nailoni yake, nayo ni kongwe?"

Asubuhi yake akavaa kilemba, akenda baladia mwenyewe kusema kweli. Bosi wake sasa hamwitikii salamu. Nami, Mungu anisamehe, sijapata kumpenda kama nilivyompenda akitoka mlangoni na kilemba kile.

Jana kaja Bi Bakhita: kodi ya mashine ya tatu inarudi, na darasa lako linarudi nayo. Ya nyumba yetu iko pale pale, na vikombe vinacheza. Usimtafute wa kukubebea mizigo. Mimi na Aflah tunakuja wenyewe kukuchukua, kabla Shaabani haijesha.

Mdogo wako,
Kheiria