Vidonge Juu ya Friji

Mji wa Kale,
Mombasa

Dada yangu Zakiya,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lamu, wewe na shemeji na watoto, na ule mguu wako umepoa. Sisi huku twamshukuru Mungu. Sukari ya Ishaq haijapanda tangu Ramadhani, na ukimpa nafasi atakueleza mpaka uchoke, maana mume wangu siku hizi ajiona daktari. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu utanikatiza, nami nitakata. Barua nampa jirani anayesafiri kesho, na naiandika nimesimama kwenye meza ya jikoni, kwani kukaa siwezi.

Hilo la kukaa ndilo nililotaka kukueleza. Wakumbuka binti yangu Mejumaa alipofariki nililala kitandani nisiamke. Ulikuja, ukaniogesha kama mtoto, ukarudi kwenu ukilia. Basi mwaka jana niliamka. Niliamka kweli, dada. Nikatoa majamvi yote juani, nikapaka chokaa ukuta wa uwani, nikarudia kazi yangu ya kuwachora maharusi hina na piko nyeusi, nao wakaanza kuningojea zamu. Nikawa nala sahani mbili na bado napungua hadi mabuibui yakanipwaya. Watu wakasema Mungu amenipoza moyo. Nami nikaamini hivyo hivyo, nikatoa sadaka.

Ila usingizi hauji, jasho lanitoka hata kukiwa na upepo, na Ishaq akisahau kufunga mlango tu namfokea. Juzi mkono ulinitetema nikimpaka piko bi harusi mmoja wa Tudor, mstari ukapinda. Nikaugeuza jani, mama yake akalisifu. Mimi nilikuwa nimekasirika nusura nilie.

Sasa sikiza. Kwenye kliniki ya sukari anayokwenda Ishaq walikuja watafiti wanaotaka kujua kama tezi ya kooni na uvimbe wa ndani ya mwili, ule usioonekana kwa macho, vina uhusiano na sukari. Walitaka wagonjwa, na wasio na sukari pia, wapate kulinganisha. Ishaq akakubali, nami nikajitia kimbelembele nikasema nitoeni damu, mimi ndiye mzima wenu. Nikamtania Ishaq njia nzima hadi nyumbani.

Majibu yalipokuja, tezi ya Ishaq haina neno. Aliyeitwa chumbani ni mimi. Daktari, binti mmoja mpole wa kina Kadenge, alinipapasa shingo akaniambia sukari sina, lakini mwili wangu wenyewe unaishambulia tezi yangu, nayo inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana moyo wanienda mbio, nakonda na situlii. Akaniuliza ilianza lini. Nikarudi nyuma kwa mawazo mpaka nikafika siku ile ya majamvi.

Alinipa vidonge, akasema taratibu nitatulia, na akanionya kwamba nisipovimeza moyo waweza kunishinda. Kila asubuhi Ishaq aniuliza kama nimemeza, nami namwambia ndiyo.

Sijameza hata kimoja, dada. Viko juu ya friji, pakiti haijafunguliwa. Kila nikivishika nakiona kile kitanda. Kama kuamka kwangu kulikuwa ugonjwa, basi msiba wa mwanangu haujaniondoka, wangoja nipone tu. Kufa naogopa, wallahi, lakini kulala tena vile naogopa zaidi.

Kwa hivyo usinitumie nasaha, na dua pekee haitanitosha. Njoo. Siku utakayoingia mlangoni nitameza cha kwanza mbele yako. Kabla ya hapo najijua, sitaweza. Wala usikawie, kwani moyo huu siuamini.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu wote kwa niaba yangu. Ishaq akusalimu, hajui ninayoyaandika. Nikishatulia nataka uwe ubavuni mwangu tumlilie Mejumaa, kwani naona bado sijamlilia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanakuu