Wavamizi wa Angani Walivyonijazia Baraza

Chumbageni,
Tanga.
3 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Khuloud,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako niliyoletewa na Muhanad ilinifika, marahaba sana. U hali gani huko Maskati? Joto limepungua? Hiyo kazi ya uuguzi haikukondeshi? Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Goti la kushoto tu linaniletea fitina, lakini goti moja halijawahi kumshinda Yaarub.

Kitabu ulichompa Muhanad nilikipata. Kurasa mia tatu na kumi na mbili! Watu wanasema darasa la tano si kitu, waje waniulize mimi. Nimekimaliza kwa siku kumi na tisa, na zingekuwa tano, ila sikukisoma peke yangu. Nitakueleza.

Kwanza nikupe maoni yangu, maana uliyataka. Mwandishi ana kichwa, sikatai. Pale vile vyombo vinaposhuka kutoka angani na kuifyonza mito hadi samaki wakabaki wanarukaruka topeni, niliinuka mwenyewe nikaufunika mtungi wangu. Lakini watu wake hawajui kuishi. Mji mzima unavamiwa na hakuna anayempigia jirani hodi, jamani, mko salama? Kila mtu na gari lake, mbio! Na wavamizi wanapigwa mizinga kurasa mia nzima hawafi. Wangeshukia Maramba mwaka ule nilipokuwa nalinda mahindi, wangenikuta na kombeo langu. Nguruwe kumi na saba kwa jiwe moja, na jiwe lenyewe nikalirudisha mfukoni.

Nilikisoma barazani, kila baada ya alasiri, kwa sauti. Tangu tumzike mkaza mjomba wako Harusi, humu ndani nikisema neno linabaki hapohapo lilipoangukia. Siku ya kwanza Masoud muuza kahawa aliweka birika chini asikilize kidogo. Kesho yake wakawa watu wanne. Wiki ya pili niliazima mkeka wa ziada. Jirani yangu Mwanamkasi akawa anakuja na kashata.

Siku wavamizi walipomuua mke wa fundi wa redio, Mwanamkasi alilia kweli, akataka tumsomee Fatiha.

"Mtu wa kitabuni hasomewi," Masoud akamwambia.

"Kwani yeye amekufa kidogo?"

Tukasoma. Hukumu yake siijui, Mungu atusamehe.

Huyo fundi ndiye aliyenishika mimi. Watu wamekimbia, mji mtupu, naye kila siku anawasha redio yake anasema, "Niko hapa. Kuna mtu?" Hajibiwi, na kesho anawasha tena. Sura ile niliisoma mara mbili. Niliwaambia macho yaliruka mstari. Hayakuruka.

Basi nilipoona kurasa zinakwisha, nikaanza kuongeza zangu. Nikawapeleka wavamizi Muheza, wakala machungwa mabichi na maganda yake, wakaugua matumbo siku tatu. Watu walicheka hadi wakalala mkekani. Ila Masoud akanichungulia begani.

"We Yaarub, mbona ukurasa huo hujaufunua tangu juzi?"

Nikaufunua. Nikausoma mwisho wenyewe. Wavamizi wanaondoka tu, basi, maji yanarudi. Mwisho dhaifu huo, mimi ningewapa mwingine. Watu wakasema alhamdulillahi, wakakung'uta nguo, wakaenda zao.

Kesho yake nilitandika kama kawaida. Masoud alinimiminia kikombe kimoja, akapitiliza kwa wacheza bao. Mwanamkasi ana wajukuu wake. Leo ni siku ya tisa.

Sasa mwanangu, usinigombeze. Juzi nilikwenda huko kwenye bao nikatangaza kwamba kitabu kina cha pili, kinene zaidi, na wewe mwenyewe unakileta kwa mkono wako kabla ya Ramadhani. Habari zikafika kwa Mwanamkasi. Akaja hadi mlangoni kuniuliza, "Kweli Khuloud anakuja?" Nikamwambia tiketi nimeiona. Tangu hapo kila apitaye husimama, anauliza lini, tunaongea kidogo.

Mimi nimesema mengi maishani nisijali kama yalikuwa kweli. Hili nalijali.

Na kitabu si lazima. Kama hakuna cha pili, njoo mikono mitupu. Nitawaambia kimezuiwa forodhani, na hilo niachie mimi, nitalisimamia mwezi mzima.

Nisalimie mumeo Ayman, na umbusu Wafa mashavu yote mawili. Mola akulinde kazini na njiani, akufungulie ruhusa kwa huyo mkubwa wako. Chumba cha uani nimekwisha kukipaka chokaa.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Yaarub